Mhadhara wa Kusini Ufanyike Kusini

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kiti cha heshima cha msomi anayeongoza mihadhara ya umma, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Mwaka uliofuata akaalikwa Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, kutoa mhadhara. Tangu hapo, kila zinapotokea siku za Kigoda, sisi tulio mbali tunafuatilia kwa simu: picha inakwama, bando linakata, lakini tunasikiliza. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mtwara. Kutoka Shangani hapa mjini hadi Ukumbi wa Nkrumah kule chuoni ni zaidi ya kilomita 550, na naapa kuna mihadhara niliyoisikiliza hadi usiku wa manane nikiwa nimeegemea ukuta wa sebule kwa sababu mtandao unapatikana pale tu.

Naipenda mihadhara. Naamini kwa dhati kwamba mtu akisimama mbele ya wenzake akaeleza jambo kwa hoja, kisha wenzake wakamuuliza na yeye akajibu, kitu fulani katika jamii kinasogea. Kinachoniuma ni kwamba mazungumzo mengi mazito ya nchi hii yamechimbwa kusini, halafu yanazungumzwa kwingine, na sisi tuliochimbiwa hatumo ukumbini.

Chukua Maji Maji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani. Vita ile haikuanzia Songea. Ilianzia Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, ndani ya Wilaya ya Kilwa, mwishoni mwa Julai 1905, watu walipoamua kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya vita, akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huohuo, kabla vita haijasambaa. Miaka zaidi ya sitini baadaye, mwaka 1968, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikawatuma wanafunzi wake vijijini kukaa na wazee waliokuwa bado wanakumbuka, wakaandika walichosimuliwa. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mtoto wa mkoa wa Lindi, akachapisha tamthilia yake kuhusu Kinjeketile, ambayo vizazi na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania na Kenya wameisoma.

Fikiria jambo lile la 1968. Vijana wa chuo wakiwa na daftari, wazee wakiwa na kumbukumbu, na anayefundisha ni mzee. Kwangu huo ndio mhadhara wa umma ulio bora kuliko yote iliyowahi kufanyika kusini, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Simulizi zile zikaenda Dar es Salaam, zikawa maandishi, zikanukuliwa na wanahistoria duniani kote. Wajukuu wa wasimulizi wako Nandete, Kipatimu, Liwale, na wengi wao hawajawahi kusomewa hata ukurasa mmoja wa kile alichosema babu yao. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipokuja tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha kwa yaliyofanywa katika vita ile, alifanya hivyo Songea. Songea ina haki yake, mashujaa wake walinyongwa pale na makumbusho yapo pale. Lakini siku ile wanafunzi wangu waliniuliza, Mwalimu, na Nandete je? Ni swali ambalo lilistahili ukumbi, na hatukuwa na ukumbi.

Au chukua Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile kilicho ndani ya mkoa wa Lindi. Zaidi ya tani 200 zilibebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kama nne hadi bandari ya Lindi, kisha melini hadi Ulaya. Leo mjusi mmoja katika wale amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na watu wanalipa kiingilio kumtazama. Waliochimba na kusafisha mifupa walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, ambaye jina lake limebaki kwenye kumbukumbu za msafara. Suala la mifupa ile kurudishwa limefika hadi bungeni Dodoma, na Berlin penyewe kunafanyika mijadala juu ya mali zilizochukuliwa makoloni. Lakini simama Lindi mjini, pale karibu na Uwanja wa Ilulu, muulize kijana wa bodaboda. Atakwambia amewahi kusikia habari ya mjusi mkubwa, basi. Yeye hakualikwa kwenye mjadala wowote.

Najua kuna watakaosema watu wa kusini hawana mwamko wa mambo haya. Nimelisikia neno hilo kwa wageni, na kinachosikitisha zaidi, hata kwa wenyeji wenye madaraka. Nakataa, na ushahidi wangu ni gesi.

Gesi ya Msimbati iligunduliwa 1982. Ilipofika 2012 mpango wa bomba la kwenda Dar es Salaam ulikuwa umeiva, na wengi hapa walikuwa hawajakaa na mtu yeyote akawaeleza kwa kirefu bomba linakwenda wapi, kwa nini, na Mtwara itabaki na nini. Tarehe 27 Desemba 2012 watu wakaandamana mjini. Januari 2013 kukawa na fujo. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaja, akakutana na makundi mbalimbali, na kwa siku chache zile mji ulitulia kwa sababu mtu mkubwa alikuwa amekaa anasikiliza. Kisha ikafika tarehe 22 Mei, siku ya hotuba ya bajeti ya Nishati na Madini bungeni. Watu walikaa kwenye redio na televisheni, madukani, vibarazani, kwenye vijiwe vya kahawa, wakisikiliza hotuba ya waziri neno kwa neno. Bomba likathibitishwa. Yaliyofuata kila mtu wa Mtwara anayajua: moto, mabomu ya machozi, wanajeshi mitaani, watu waliokufa.

Siandiki haya kutetea uharibifu. Nyumba zilichomwa, na wenye nyumba hizo bado tunasalimiana nao. Ninachosema ni kwamba mji unaoacha shughuli zake kusikiliza hotuba ya bajeti ya wizara moja hauwezi kuitwa mji usio na mwamko. Watu walikuwa na hamu ya kuelezwa na hamu ya kuuliza, na vyote viwili walivikosa kwa muda mrefu mno. Elimu kwa umma juu ya gesi ilikuja kwa wingi baada ya moto. Ingetangulia.

Sasa tazama kinachoitwa mjadala wa wadau hapa kwetu. Unafanyika hotelini, asubuhi ya siku ya kazi. Mwaliko ni wa barua, kwa hiyo wanaokuja ni walewale wanaopata barua. Mgeni rasmi anasubiriwa saa mbili. Akifika, kikundi cha ngoma kinamcheza sindimba mlangoni, wapigaji wanatoka jasho, wageni wanapiga picha, halafu kikundi kinaambiwa ahsanteni sana na kwenda kukaa kwenye kivuli cha mwembe nje. Ndani, salamu na utambulisho vinakula nusu saa hadi mtu aseme itifaki imezingatiwa. Mada zinawasilishwa ukutani kwa Kiingereza. Ikifika saa ya maswali, muda umekwisha, kuna chakula na posho ya kusaini. Nimekaa kwenye mikutano kama hiyo iliyojadili utamaduni wa Wamakonde, na watu pekee katika eneo lile walioweza kueleza utamaduni huo kwa mikono na miguu yao walikuwa nje chini ya mwembe.

Hilo la kuwaweka wasanii nje ndilo linalonikera kuliko posho, kuliko kuchelewa, kuliko Kiingereza. Sanaa kusini haijawahi kuwa pambo la kufungulia mkutano, ndiyo iliyokuwa mkutano wenyewe. Vinyago vya kuvaa vilivyochezwa jandoni vilisema mambo ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema uso kwa uso. Wapigania uhuru wa Msumbiji wa chama cha FRELIMO walipokuwa na kambi yao kuu Nachingwea, mafunzo ya siasa yalikwenda pamoja na bunduki. Tamasha la MaKuYa lililoanza 2008, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, limeonyesha kwamba watu wanatoka vijijini kwa wingi wakiitwa kwa ngoma zao wenyewe. Kilichobaki ni kuwapa hao wacheza ngoma kiti na kuwasikiliza wakizungumza.

Sisi, yaani mimi na wenzangu wachache, walimu na vijana wawili watatu wanaofanya kazi redioni, tumekuwa tukiandaa mazungumzo ya jioni. Hatuna jina wala bango. Tunaomba darasa au tunakaa uwanjani, tunaanza baada ya Swala ya Alasiri ili watu wa msikitini wapite moja kwa moja na kina mama wawahi kurudi kabla ya Magharibi. Mtu analeta birika la kahawa, mwingine ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa na chumvi na pilipili. Hakuna mgeni rasmi. Na tunaanza na maswali. Kabla msemaji hajafungua kinywa, waliokuja wanasema wamekuja kutaka kujua nini, tunayaandika ubaoni, na msemaji analazimika kuanzia hapo. Wasomi wawili watatu iliwasumbua mwanzoni kwa sababu walikuwa na karatasi zao. Baadaye walikiri kwamba hawajawahi kusikilizwa vile.

Mazungumzo ninayoyakumbuka zaidi ni ya fundi mmoja mchongaji, mzee aliyechonga miaka mingi Mwenge, Dar es Salaam, kabla ya kurudi nyumbani. Tulimwomba azungumzie sanaa na siasa. Akasema hajui kuzungumza, ila atakuja na kazi. Akaja na kipande cha mpingo urefu wa mkono, tezo na patasi, akakaa chini, akakibana kipande kwa nyayo zake mbili, akaanza kugonga. Mpingo kwa nje una ganda na sehemu nyeupe inayoelekea unjano, na yeye aliiondoa hiyo kwanza, vipande vikiruka hadi kwenye miguu ya waliokaa mbele. Mpaka weusi ulipotokea hakuna aliyekuwa anaongea. Akatuonyesha ufa. Akasema mpingo karibu kila mmoja una ufa au uwazi ndani, na fundi asiyejua anautupa mti. Anayejua anautazama ufa unakokwenda, na pale utakapopita ndipo atakapoweka nafasi kati ya mtu na mtu. Akachukua kinyago cha ujamaa alichokuwa amekimaliza, watu waliobebana juu ya watu kutoka chini hadi juu, wote kutoka gogo moja, akaonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na ufa, ndipo pana mkono wa huyu mama ulioachana na mgongo wa mtoto.

Kijana mmoja akauliza, kinauzwa bei gani? Mzee akataja bei anayopewa yeye. Kijana mwingine aliyekuwa na simu akatafuta vinyago kama hivyo vinavyouzwa Ulaya, akasoma bei kwa sauti. Hapo ndipo mhadhara wa siasa ulipoanza, na msemaji hakuwa amesema neno siasa hata mara moja. Watu wakauliza nani anapata tofauti ile. Wakauliza mti wenyewe ni wa nani, maana mpingo unakaa miaka sabini na zaidi kabla haujafaa kuvunwa, na magogo yanapita barabarani kila siku kwenda kuwa klarineti na zumari za nchi za watu. Mwenzangu mmoja akaeleza habari za Kikole na Kisangi, vijiji vya Kilwa ambavyo mwaka 2009 misitu yake ya asili ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kuthibitisha kwamba msitu unavunwa kwa uangalifu, wanakijiji wenyewe wakiwa ndio wasimamizi na ndio wauzaji wa mpingo wao. Wengi hawakuwa wamesikia, na ni mkoa wa jirani tu. Mzee akauliza, kwa hiyo mchongaji akienda kijijini pale atauziwa gogo kwa stakabadhi, asikamatwe njiani? Swali zuri hilo. Tulimtafutia afisa misitu akaja jioni nyingine kulijibu, na alijibu vizuri.

Jioni nyingine tulizungumzia fedha za gesi na korosho. Hakukuwa na maneno makubwa. Mhasibu mmoja mstaafu alichukua chaki akaandika asilimia 0.3, ambao wakati ule ndio ulikuwa ushuru wa huduma uliolipwa halmashauri na makampuni kutokana na mauzo yao. Kisha akaandika bilioni 1, akaomba mtu apige hesabu. Binti wa kidato cha tatu akajibu, milioni 3. Basi mhasibu akasema, sasa unapokwenda kwenye kikao cha kata, huulizi gesi imetusaidia nini. Unauliza ushuru wa huduma wa robo hii ni kiasi gani na umekwenda mradi upi. Kwenye korosho moto ulipanda zaidi, kwa sababu kila mtu ana mikorosho au ana ndugu mwenye mikorosho. Watu walitaka kueleweshwa lililotokea 2018: mwezi Juni, sheria ilipobadilishwa na ushuru wa korosho zinazouzwa nje ukaacha kurudi kwenye zao kwa asilimia 65 kama zamani, na mwezi Novemba, Rais Magufuli alipoagiza jeshi kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ni mambo mawili tofauti ya mwaka mmoja, na watu wengi walikuwa wameyachanganya kuwa jambo moja. Kuyatenganisha tu kulituchukua hadi giza likaingia.

Kuhusu kina mama nitasema wazi: kipaza sauti kikiachwa kitembee chenyewe, kitatembea kwa wanaume. Tulichofanya ni kuwapa wanawake maswali ya kwanza, na anayeona haya anaandika kwenye karatasi. Lakini kilichobadilisha mambo kweli ni kumwalika kungwi kuwa msemaji. Bibi yule amefunda mabinti tangu kabla sijazaliwa. Alikuja na msimamo wake kwamba ya unyago hayasemwi hadharani, na tuliuheshimu. Hakuna aliyemwomba atoe siri. Alizungumzia umri. Alisema wazi kwamba kuwacheza watoto wa darasa la nne ni kuwadhulumu, kwamba zamani mwali alikuwa amekwishavunja ungo, na kwamba wazazi ndio wanaoharakisha kwa sababu ya zawadi na fahari ya sherehe. Afisa maendeleo angeyasema hayohayo wangemwona mgeni anayetukana mila. Yalipotoka kwa kungwi, ukumbi wote wa kina mama uliinamisha vichwa, kisha wakaanza kubishana wao kwa wao, na mimi nikakaa pembeni. Huwezi kununua jioni kama ile kwa posho ya aina yoyote.

Hofu ipo, tusifichane. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, hadi Rais Samia alipoondoa katazo hilo tarehe 3 Januari 2023. Mtwara ilikuwa na hofu yake ya ziada tangu 2013. Kuna watu hadi leo wakisikia neno gesi wanatazama mlango. Mzee mmoja alikaa nje ya darasa, dirishani, mazungumzo yetu yote ya mwanzo. Tuliweka kiti dirishani. Tunatoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa, tunaeleza mada, tunamkaribisha yeye na mtendaji wake, na mara nyingi wanakuja. Tena nawakumbusha vijana kwamba sheria yenyewe inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau kila baada ya miezi mitatu. Ukumbi wa bure wa kuzungumzia siasa upo kisheria katika kila kijiji cha nchi hii, na maeneo mengi umeachwa ufe kwa kuwa ajenda zinasomwa na mapato na matumizi yanarukwa. Anayependa mihadhara aanze kwa kuhudhuria huo.

Ombi langu kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni hili. Simulizi zilizokusanywa 1968 zije zisomwe hadharani Kilwa na Liwale, kwa Kiswahili, na nakala zibaki kwenye shule za huko. Mkileta Kigoda chenyewe, hata kwa mwaka mmoja, tutashukuru zaidi. Vyuo tunavyo, Stella Maris wako hapahapa Mtwara, vyuo vya ualimu vipo, na viwanja vya Mashujaa vinabeba umati. Kwa wenzetu wa makumbusho ya Berlin ombi ni kwamba kabla ya kongamano lingine juu ya mjusi wa Tendaguru, mmoja wenu aje Lindi, akae kwenye benchi, aulizwe maswali na wajukuu wa wapagazi.

Mazungumzo yetu yanayofuata yatakuwa juu ya Tendaguru, Lindi mjini, minada ya korosho ikishapoa ili wakulima wapate nafasi. Tunamtafuta yeyote ambaye babu au bibi yake aliwahi kusimulia habari za wapagazi: walilipwa nini, walikula nini njiani, waliimba nini. Hata kipande cha wimbo kinatosha kuanzia. Vijiji vya karibu na kilima tutavifuata wenyewe kabla ya siku yenyewe, tukiwa na kinasa sauti, na atakayependa kufuatana nasi aje na chakula chake na viatu imara.